Elimu ya Mchungaji na Yai la Mjane

Msomaji mwema, yamkini umepata kuona jambo hili kanisani kwenu, au umesimuliwa na mwenzako. Ibada imekwisha, lakini watu hawatawanyiki. Mezani pamewekwa kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, maboga mawili na kikapu cha mayai. Mzee wa kanisa anasimama na kunadi. Kuku ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, kisha mnunuzi anamrudisha mezani anadiwe tena, na watu wanacheka. Fedha zinazokusanywa ni za kijana mmoja aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, naye ameitwa kwenda chuo cha thiolojia kwa masomo ya juu zaidi, ili arudi akiwa kiongozi wa Kikristo na mtetezi wa wanaoonewa. Katika mnada niliouona mimi, nyuma kabisa ya kanisa aliketi mjane aliyeleta yai moja. Shamba lake la robo ekari linadaiwa na shemeji yake, na kesi yake imeahirishwa mara nne.

Nataka tufikiri pamoja juu ya yai lile. Je, ni haki kulichukua? Kijana atasoma miaka miwili apate shahada ya uzamili, na akiendelea hadi udaktari ataongeza mitatu au zaidi. Muda wote huo shemeji wa mjane hatakuwa amelala. Tena nyuma ya swali hilo la fedha liko jingine kubwa kuliko hilo: je, kupenda haki ni jambo la kufundishwa darasani, kama hesabu na jiografia, au ni jambo ambalo mtu huja nalo au hukosa? Swali hili si geni duniani. Plato, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu ambacho ndani yake kijana aitwaye Meno anamwuliza Sokrate kama wema hufundishika. Walizungumza kwa muda mrefu wakaachana bila jawabu la kutegemewa. Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu, na kazi yangu ingalikuwa nyepesi sana lau Sokrate angalisema ndiyo.

Kwanza tujue chuo cha namna hiyo hufundisha nini, maana wako watu wanaodhani kwamba vijana huenda huko kujifunza kuomba kwa sauti kubwa. Sivyo. Hujifunza Kiebrania na Kiyunani, ili wasome Maandiko bila kutegemea macho ya mwingine, hujifunza historia ya Kanisa pamoja na aibu zake, hujifunza maadili, na katika vyuo vingine hujifunza haki za binadamu na njia za kupatanisha watu waliogombana. Kazi hii ina umri katika nchi yetu. Chuo cha Mtakatifu Paulo kilichoko Limuru kilianza mwaka 1903 huko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali palipokuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, mwaka 1955 kikawa chuo cha makanisa kadhaa kwa pamoja, na mwaka 2007 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu. Huko Nairobi, Chuo cha Hekima kilifunguliwa na Wajesuiti mwaka 1984, na tangu mwaka 2004 kimekuwa na taasisi ya masomo ya amani.

Anayepinga matumizi ya yai lile ana hoja nzito, wala si vyema tumcheke. Atatuuliza: Nabii Amosi alisoma chuo gani? Alikuwa mchunga kondoo wa Tekoa na mtunza mikuyu, na mwenyewe alikana kuwa nabii wa kazi au mwana wa nabii. Hata hivyo ndiye aliyewakemea matajiri wa Israeli waliowauza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Aliyekuwa na elimu na cheo ni Amazia, kuhani wa Betheli, naye alimwambia Amosi arudi kwao Yuda akale mkate wake huko. Mwenye cheo alimlinda mfalme. Mchunga kondoo akawalinda maskini.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Israeli. Pale Rabai, mwendo mfupi kutoka Mombasa, aliishi mtu aliyeitwa William Henry Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na wamisionari huko Bara Hindi karibu na mji wa Nasik, akaletwa pwani yetu mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya shemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Katika miaka ile watumwa wengi walikuwa wakiwatoroka mabwana zao wa pwani na kukimbilia Rabai. Mabwana waliwadai, na sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mabwana. Wamisionari wa Kizungu waliuchukia utumwa kwa moyo wote, lakini walichelea kugombana na watu wa Sultani, nao walisitasita. Jones hakusita. Aliendelea kuwapokea watoro na kuwaacha wajenge na kulima. Mwaka 1888 jambo lilipofumuka, ilionekana kwamba watoro waliokaa Rabai na katika misheni nyingine za jirani walizidi elfu moja. Kampuni ya Waingereza ilibidi iwalipe mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 watu wale wakapewa hati za uhuru. Jones hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na kumbukumbu.

Hoja ya pili ya mpinzani wetu ni chungu kuliko ya kwanza. Katika mji wa Tübingen, Ujerumani, alikuwako profesa mmoja aliyeitwa Gerhard Kittel. Ndiye aliyesimamia kamusi kubwa ya maneno ya Kiyunani yaliyomo katika Agano Jipya, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1933. Katika kamusi hiyo neno lenye maana ya haki limeelezwa kwa kurasa nyingi, pamoja na mizizi yake na matumizi yake, kiasi ambacho wachungaji wa leo bado wanafaidika nayo. Katika mwaka uo huo wa 1933 profesa huyo aliingia katika chama cha Hitler, akatoa mhadhara akishauri kwamba Wayahudi wa Ujerumani wahesabiwe kuwa wageni katika nchi waliyozaliwa, wasiwe na haki sawa na wengine. Zingatia, msomaji: si mtu asiyejua maana ya neno. Pengine hapakuwa na watu ishirini duniani waliolijua neno lile kama yeye.

Nikifika hapa katika kufikiri kwangu, karibu nimrudishie mjane yai lake. Lakini subiri.

Hebu tufanye kwamba yai limerudishwa, kijana hakwenda popote, na mchungaji aliyepo, mtu mwema asiyejua sheria, anaamua kumtetea mjane kwa bidii yake tu. Jumapili anapanda mimbarini na kumnguruma shemeji mbele ya watu wote, akimwita mwizi. Shemeji anatoka kanisani na ndugu zake kumi na wawili. Tangu siku hiyo hakuna wa ukoo atakayetoa ushahidi upande wa mjane, hata wale waliokuwa wakimhurumia. Mchungaji hajui kwamba sheria ya mirathi ya Kenya humtanguliza mjane katika kupewa usimamizi wa mali ya marehemu, wala hajui kwamba kuingilia mali hiyo bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai. Hajui ni barua gani itakiwayo kwa chifu, wala karatasi ipi ipelekwe kortini na kwa tarehe gani. Amepiga kelele nyingi, na mjane amepoteza shamba. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini ili umpe haki yake huna budi kujua haki hiyo ni ipi, imeandikwa wapi, na mlango wake hufunguliwa na nani. Mapenzi ya haki yasiyo na maarifa humtia hasara yule yule anayependwa.

Nitakupa mfano wa elimu iliyofaa. Mnamo Machi mwaka 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na mwili wake ukaokotwa katika vilima vya Ngong. Watu waliogopa, hata waliosema, walisema kwa kunong'ona. Siku zile kijana mmoja ambaye hakuwa ametimiza miaka 38, David Gitari, katibu mkuu wa Chama cha Biblia, alikuwa na zamu ya kutoa mahubiri mafupi ya asubuhi katika redio ya Sauti ya Kenya. Hakumtaja waziri wala askari. Alifungua kitabu cha Mwanzo akaeleza habari za Kaini na Abeli: ndugu aliyeuawa kondeni, na Mungu anayemwuliza muuaji, yuko wapi nduguyo. Wasikilizaji wote walifahamu. Wakubwa wa redio walifadhaika wakamtaka ajieleze. Lakini ungemshitaki vipi mtu aliyefanya yale aliyoajiriwa kuyafanya, yaani kueleza Maandiko? Hapo unaona kazi ya masomo. Mtu asiyefunzwa angalipiga kelele akanyamazishwa siku ya kwanza. Gitari alikuwa amesoma Nairobi na Bristol, akajua jinsi ya kuyafungua maneno ya kale mpaka yaseme mambo ya leo, bila kuyapindua na bila kuyaongezea.

Baadaye alipokuwa askofu alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1987 alihubiri habari za Danieli na wakubwa waliomfanyia hila, na wakubwa wa wakati ule wakakasirika kana kwamba wametajwa majina. Alipinga uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, ambao ulitumika mwaka 1988. Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku, naye akapona kwa kupanda juu ya paa na kupiga mayowe hata majirani wakaja. Chuo hakiwezi kumfundisha mtu kupanda paa usiku.

Naye hakuwa peke yake. Henry Okullu, askofu wa Maseno Kusini, alikuwa mhariri wa magazeti ya Target na Lengo kabla ya kuwa askofu, naye mwaka 1974 alitoa kitabu juu ya Kanisa na siasa katika Afrika ya Mashariki. Timothy Njoya, mchungaji wa Kipresbiteri mwenye udaktari wa Princeton, alihubiri siku ya mwaka mpya wa 1990 kwamba utawala wa chama kimoja hautadumu. Alexander Muge, askofu wa Eldoret, alikuwa askari wa polisi kabla ya kuwa kasisi. Agosti 1990 alionywa na waziri mmoja kwamba akienda Busia huenda asirudi hai. Alikwenda, akahubiri, na njiani akirudi, tarehe 14, akafa katika ajali ya barabara. Mhariri, daktari wa falsafa na askari: ukizipanga elimu zao huzioni zikilingana, na hata hivyo walisimama mahali pamoja.

Sasa lazima nikuambie jambo ambalo ningependa kulificha, maana si vyema nikuongoze katika kuwahukumu maprofesa wa Ujerumani na mimi nimejitenga kando kama mtu safi.

Miaka michache iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, magunia sita ya mahindi yalipotea ghalani. Kamati iliketi kumhukumu mlinzi wa usiku. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati, na siku mbili kabla yake nilikuwa nimeliona daftari la ghala: magunia yale yalitoka mchana, kwa sahihi ya mtu mwenye cheo kuliko changu. Chuoni nilisoma maadili. Niliandika insha ndefu juu ya wajibu wa shahidi, nikapata alama nzuri, na mwalimu wangu akaisoma mbele ya darasa. Siku ile ya kamati niliandika kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko safi kabisa. Aliyesema ni mpishi, mama mmoja asiyejua kusoma, aliyeingia kutuletea chai. Aliweka birika mezani, akatutazama, akauliza, "Walimu wangu, ufunguo wa ghala hulala kwa nani?" Hakuna aliyemjibu. Mlinzi alifukuzwa. Mwaka uliofuata nilimkuta akiuza makaa kando ya barabara, akanisalimu kwa heshima ile ile ya zamani: "Habari ya shule, mwalimu?" Nikamjibu kwamba ni nzuri.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani alichokuwa nacho mama yule ambacho mimi sikuwa nacho. Ujasiri, utasema. Ndiyo, lakini ujasiri ulitoka wapi? Nadhani ni kwamba yeye alikuwa akila na mlinzi. Jioni, sisi walimu tukiisha kwenda zetu, wao wawili waliketi jikoni. Alizijua shida zake, na majina ya watoto wake. Kwangu mimi mlinzi alikuwa jina katika orodha ya mishahara.

Ndiyo maana huwa nafikiri sana juu ya Mjerumani mwingine, Dietrich Bonhoeffer. Naye alikuwa msomi. Alipata udaktari wa thiolojia mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1930 alikwenda New York kusoma mwaka mmoja katika chuo kikubwa cha thiolojia. Mwenzake mmoja mwanafunzi, mtu mweusi, alimchukua hadi Harlem, katika kanisa la Abyssinian Baptist, na Bonhoeffer akawa akifundisha watoto wa Shule ya Jumapili huko. Aliingia katika nyumba za watu waliobaguliwa, akasikia habari zao kwa vinywa vyao wenyewe. Kisha akarudi kwao. Aprili 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka, aliandika kwamba Kanisa lina wajibu kwa kila mtu anayeumizwa na dola, hata kama si Mkristo. Kittel na Bonhoeffer walisoma Kiyunani kile kile, na katika mwaka ule ule wakafuata njia mbili. Mmoja alikufa mwaka 1948 akijitetea kwamba hakukusudia mabaya. Mwingine alinyongwa gerezani Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Sisemi kwamba Harlem peke yake ndiyo iliyowatenga. Mioyo ya watu haina sababu moja tu. Lakini nasema kwamba katika elimu yake Bonhoeffer lilikuwamo darasa ambalo halimo katika kamusi.

Utaniuliza juu ya Martin Luther King, maana kila mwanafunzi humtaja. Yeye alipata udaktari wake Boston mwaka 1955, na Desemba ya mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 26, akachaguliwa kuongoza mgomo wa mabasi wa Montgomery. Ila kumbuka kwamba mgomo haukuanzishwa naye. Rosa Parks, fundi wa cherehani, alikuwa amekwisha kukamatwa kwa kukataa kuondoka kitini, na wanawake wa mji ule walikuwa wamekwisha kupiga chapa na kugawa vikaratasi vya kuwaita watu. Msomi alikuta kazi imeanza, akaipa maneno, na watu wakatembea kwa miguu siku 381. Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, sitakuficha kwamba mwaka 1991 kamati ya chuo chake ilithibitisha kuwa sehemu za tasnifu yake zilichukuliwa katika maandishi ya wengine bila kuonyeshwa ipasavyo. Jambo hilo halimwondolei heshima ya Montgomery, wala Montgomery haiifanyi tasnifu ile kuwa safi.

Basi turudi kwenye yai. Kwa maoni yangu linaweza kuchukuliwa, lakini kwa namna ya amana, jinsi mtu achukuavyo fedha za mwenzake akamnunulie dawa mjini. Mwenye kuchukua amana hawezi kusema akifika mjini kwamba sasa fedha ni zake. Wako wasomi wengi wa namna hiyo, na wewe unawajua: waliolelewa kwa kuku wa mnada, wakarudi na kanzu yenye mistari mitatu mikononi, na sasa mjane akitaka kuwaona lazima apange miadi na karani. Shahada iliwapandisha, na huko juu sauti za chini hazisikiki vyema. Lakini kosa hili si la vitabu. Hata asiyesoma huweza kupanda juu na kuziba masikio.

Juma lililopita kijana yule wa mnada alikuja kwangu. Nilipata kumfundisha, naye alitaka nimwandikie barua ya kumsifu kwa chuo. Nilimwuliza kama anamjua mama aliyeleta yai. Alilitaja jina lake mara moja, na jina la marehemu mumewe. Nikamwuliza habari ya kesi, hakujua lolote. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, nitakwenda kwake Jumamosi."

Alikwenda. Jana jioni alirudi na daftari, akanionyesha aliyoyanakili katika karatasi za mahakama ambazo mjane huziweka ndani ya kopo la chai. Katika maombi ya mirathi aliyoyapeleka shemeji, jina la mjane halimo kabisa miongoni mwa warithi, wala majina ya binti zake wawili. Mara zote nne kesi ilipotajwa, mjane alikuwa ameketi nje ya mlango, asijue ni lini ainuke. Kijana anasema anaweza kumsaidia kuandika pingamizi na kumtafutia wakili wa bure, ila kesi itatajwa tena tarehe 14 mwezi ujao, na chuo kinafunguliwa tarehe 7; asiyefika siku hiyo nafasi yake hupewa mwingine. Aliniuliza afanye nini. Barua yake nimeitia sahihi, imo katika bahasha juu ya meza yangu. Swali lake bado sijalijibu, naye atapita kesho baada ya masomo.